Fremu ya chuma ya zamani nimeipata Ilula: ina beji ya Phoenix lakini si Phoenix. Nani aliitengeneza?

Kamwene_wa_Kilolo

Kamwene wakuu.

Nimenunua baiskeli kwa mzee mmoja pale Ilula, barabara kuu ya kuja Iringa mjini. Alikuwa anabebea matenga ya nyanya mpaka magoti yalipokataa. Mwenyewe sikuwa na shida ya baiskeli, ila niliinyanyua ili nipishe guta, ikaja juu kwa mkono mmoja. Nikaiweka chini nikainyanyua tena. Nikauliza bei.

Imepakwa rangi ya bluu ile ya mageti, kwa brashi, juu ya rangi nyingine. Mbele imepigwa beji ya Phoenix. Ringi ya nyuma ni ya Hero, ya mbele haina jina, na keria ni nondo zilizochomelewa na mtu asiye na haraka ya kwenda peponi. Kwa hiyo vitu vilivyofungwa juu yake ni mchanganyiko mtupu.

Ila fremu yenyewe si Phoenix. Phoenix nimezipanda tangu nafika kanyagio kwa kupitisha mguu chini ya bomba, nazijua. Bomba za hii ukizigonga kwa kucha zinalia *ting*. Maungio yana zile kola za chuma, lagi, zenye ncha ndefu, na ukipitisha kidole unasikia kingo zimepigwa tupa mpaka zimekuwa nyembamba. Chini ya kibomba cha krenki kuna namba 56 peke yake. Nyuma, pale ekseli inapokaa, nimekwangua rangi nikasoma "Campagnolo".

Kasoro niliyoiona ni moja: bolti ya kubana siti haiko nyuma kama kwenye baiskeli nyingine. Iko mbele, kwenye kona ya bomba la juu. Nadhani kuna fundi aliihamisha.

Mzee anasema aliachiwa na "Mtaliano wa bomba". Hajui zaidi.

Naomba wajuzi: nani aliitengeneza hii, na ni ya mwaka gani? Picha nitatupia bando likikaa sawa.

Mwanjelwa_One

Raleigh hiyo. Uzi ufungwe.

fundi_spoku

Mkuu Mwanjelwa, kwako kila kitu kisicho Phoenix ni Raleigh. Soma kwanza.

Gololi

Mleta uzi umeokota dhahabu na bado unauliza. Jina lake umeshalisoma mwenyewe: Campagnolo. Na 56 ni mwaka, 1956. Usiiuze chini ya milioni mbili.

Bwana_Msasa

Gololi, taratibu kaka. Campagnolo ni kampuni ya Vicenza, Italia, iliyoanzishwa na Tullio Campagnolo mwaka 1933. Ilijulikana kwa habu, krenki, mitambo ya giya na zile bati za ekseli, vitu ambavyo watengeneza fremu wengine walivinunua. Bati zake ziliuzwa Italia, Uingereza, Ufaransa mpaka Japani. Ukikuta jina hilo pale nyuma, umejua kwamba aliyejenga fremu hakubana matumizi. Hujamjua yeye ni nani.

Na 56 wala usiipeleke kwenye kalenda. Mafundi wa Italia wengi walikuwa wanapiga namba ya saizi chini ya kibomba cha krenki. Mleta uzi, chukua futi, pima bomba la siti kuanzia katikati ya kibomba cha krenki mpaka katikati ya ungio la bomba la juu. Ukipata sentimita 56, hiyo ndiyo maana yake.

Sasa nisikilizeni wote mnaotaka kumtambua mtengenezaji wa fremu. Kosa linaloharibu uzi wa namna hii ni kuanza na vitu vinavyotoka kwa spana. Beji inatoka. Stika inabanduka, na siku hizi stika za zamani zinachapishwa upya na kuuzwa. Rangi ndiyo kabisa. Habu, krenki, usukani, vyote vimeshahama baiskeli mara ngapi tangu Nyerere yuko Ikulu? Anza na kile ambacho kukibadilisha ni lazima uiyeyushe fremu: upana wa kibomba cha krenki, thredi zake, unene wa bomba, umbo la lagi, jinsi bomba nyembamba za nyuma zilivyofungwa pale juu kwenye siti, na vile vidude vidogo vilivyochomelewa au visivyochomelewa.

Nipimie haya, kwa venia kalipa kama unaipata, si kwa rula ya mtoto wa shule:

Upana wa kibomba cha krenki. Ukipata milimita 68 tunaongea Kiingereza au Kifaransa. Ukipata 70 tunaongea Kitaliano. 71 au 76 ndipo Mwanjelwa atakapocheka, maana hizo ni za Raleigh.

Thredi za bakuli la kulia, yaani kile kikombe cha gololi kinachofungwa ndani ya kibomba cha krenki, upande wa cheni. Linafunguka kwa kuzungusha upande gani?

Kipenyo cha paipu ya siti. Baiskeli za mzigo mara nyingi ni 25.4. Fremu ya bomba nyembamba za mbio hucheza kati ya 26.4 na 27.2, kwa sababu bomba likiwa jembamba, tundu linakuwa kubwa.

Halafu vua uma wa mbele, tia kidole ndani ya shingo yake kwa chini. Kama utasikia mbavu tano zinazopanda kwa kujipinda, hizo ni bomba za Columbus wa Milano. Usipozisikia, haijafuta kitu, maana si bomba zote zao zilikuwa nazo.

Na nakuomba kwa heshima: usilete grenda karibu na hiyo fremu. Rimuva na kitambaa.

MzeeWaMafinga

Wanangu, mimi ni wa zamani kidogo. Nimeziona baiskeli za mabwana chai wa Mufindi, kwa hiyo niongezee upande wa Uingereza, ili mwenye fremu ajue anatofautisha nini na nini.

Raleigh zenyewe za Nottingham zilikuwa na kiburi chake. Wenzao Waingereza wote walikuwa na thredi 24 kwa inchi kwenye kibomba cha krenki. Raleigh walijitengenezea za kwao, 26 kwa inchi, na vibomba vipana zaidi. Ndiyo maana bakuli la Raleigh haliingii kwenye baiskeli ya Mwingereza mwingine, mafundi walikuwa wanalaani. Kwa hiyo ukihesabu thredi ukapata 26, basi ni Raleigh au ndugu zake wa kiwanda hicho.

Lakini walikuwepo mafundi wadogo wa Kiingereza waliokuwa wanachomelea fremu moja moja kwa oda, mteja anapimwa kama kwa fundi cherehani. Bob Jackson wa Leeds alianza 1935, Mercian wa Derby 1946. Hetchins wa London unamtambua hata gizani: lagi zake ni nakshi tupu, na bomba zake za nyuma zimepindishwa. Hao walitumia sana bomba za Reynolds 531 za Birmingham, zilizotoka 1935, chuma chenye manganizi na molibdeni. Ndani bomba ni nene kwenye ncha, panapochomelewa, na jembamba katikati. Hiyo *ting* anayoisikia mleta uzi inatoka hapo katikati.

Raleigh nao walikuwa na karakana yao ndogo ya fremu za mbio pale Ilkeston kuanzia 1974. Fremu zake namba inaanza na SB. Na zile zilizotoka miaka ya sabini kwenye kiwanda chao cha Worksop, zamani Carlton, namba inaanza na W. Kwa hiyo ukiona 56 tupu bila herufi, huko hakuendeki.

NdagaTukuyu

Shikamoo mzee. Naomba kudandia uzi. Hapa Tukuyu nina baiskeli ya marehemu babu, ya breki za fimbo, habu ya nyuma imeandikwa Sturmey-Archer AW halafu 58 na 3. Je, hiyo 58 nayo ni saizi?

MzeeWaMafinga

Marahaba mwanangu. Hapana, hiyo ya kwako ni tarehe kweli. Sturmey-Archer walipiga mwaka na mwezi kwenye habu zao. Yako ni Machi 1958, ya giya tatu. Ila inakuambia umri wa habu tu. Kama habu na fremu zimetoka pamoja kiwandani, vizuri. Kama babu alibadilisha gurudumu, basi umejua umri wa gurudumu.

Gololi

Sasa huku 56 ni saizi, kule 58 ni mwaka. Mnatuchanganya makusudi.

fundi_spoku

Ndiyo kazi ilivyo mkuu. Namba haijitangazi, unaiuliza imepigwa wapi na imepigwa na nani.

Kamwene_wa_Kilolo

Nimerudi wakuu. Nimeipeleka kwa fundi mmoja Ipogolo, pale karibu na daraja, mzee makini anayefanya kazi bila redio.

Futi: sentimita 56 katikati kwa katikati. Msasa, heshima yako.

Kibomba cha krenki: milimita 70, tumepima mara tatu baada ya kufuta grisi.

Bakuli la kulia ndilo lilikuwa sinema. Fundi akaweka spana, akaanza kuzungusha kwenda kulia, maana ndivyo anavyofungua Raleigh, Hero, Phoenix, maisha yake yote. Halisogei. Akaongeza bomba kwenye mkono wa spana. Halisogei. Akaweka mafuta ya taa, tukanywa chai, akarudi na kijana wake wakaning'inia wote wawili. Nikamwambia, mzee, kuna jamaa mtandaoni ameuliza linafunguka upande gani. Akanitazama vibaya. Halafu akageuza spana kwenda kushoto, kama bolti yoyote ya kawaida, likalia *krak* likaachia. Wamekuwa wanalikaza muda wote ule. Bakuli limeandikwa Magistroni.

Bakuli la kushoto halikuwa na habari ya spana, lilitoka kwa mkono. Ni la Phoenix. Kuna mtu alilizungushia kipande cha bati la kopo ili likae. Bado maandishi ya kopo yanasomeka kwa ndani.

Paipu ya siti ni 26.8. Shingo ya uma kwa ndani laini, hakuna mbavu.

Nyuma, nafasi kati ya bati mbili za ekseli ni 112, na fundi anasema bomba zimebanwa kwa nguvu ili ziingie habu ya kawaida. Bati ya kulia ina kisikio kwa chini, kimekatwa nusu kwa msumeno.

Chini ya rangi, ncha za uma zina kromu. Bomba la chini la nyuma upande wa cheni nalo lina kromu.

Bwana_Msasa

Basi hapo Uingereza tumeshaiaga, na Mwanjelwa apumzike.

70 na thredi za kulia pande zote mbili: huo ni mfumo wa Italia, milimita 36 kwa thredi 24 kwa inchi. Mwingereza bakuli lake la kulia lina thredi za kushoto, ndiyo maana fundi wa Ipogolo alikuwa anavuta upande ule, na hana kosa. Mfaransa ana kipenyo cha milimita 35, na thredi zimeachana milimita 1, thredi za kulia pande zote kama Mtaliano, ila kibomba chake ni 68. Magistroni walikuwa watengeneza vipuri wa Italia, kwa hiyo hilo bakuli linaungana na ushahidi wa thredi. Lingekuwa peke yake nisingelitilia maanani.

Ile habari ya bati la kopo inaeleweka. Bakuli la Kiingereza lina kipenyo cha inchi 1.37, karibu milimita 34.8. Tundu lako ni la 36. Linaelea. Aliyeweka bati alikuwa anajua anachofanya kwa alichonacho, na mshukuru hakulichomelea. Angelichomelea, fremu ingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Tahadhari moja: hizo thredi za kulia upande wa cheni zina tabia ya kujilegeza zenyewe kadiri unavyopiga pedali. Unaporudisha, kaza kwelikweli.

Kisikio kilichokatwa ni cha mtambo wa giya. Mtu aliona hakina kazi kwenye baiskeli ya nyanya. Kwa hiyo ilizaliwa ya mbio, na nyuma ilikuwa na nafasi pana kuliko 112. Za giya tano nyuma zilikuwa 120.

26.8 inaonyesha bomba nyembamba, ila si zile nyembamba kuliko zote. Columbus wanawezekana. Na Falck pia walikuwa wanatengeneza bomba za baiskeli hukohuko Italia. Bila mbavu na bila stika, hapo sisogei.

Swali: je, kuna vidude vilivyochomelewa? Matundu ya kufungia chupa ya maji kwenye bomba la chini? Vishikio vya waya wa breki juu ya bomba la juu? Kitako cha levya za giya?

Kamwene_wa_Kilolo

Hakuna kitu mkuu. Laini kote. Kuna alama ya mviringo tu kwenye bomba la chini, kama kulikuwa na klampu iliyokaa pale miaka mingi ikala rangi.

Bwana_Msasa

Safi. Fremu za mbio za kabla ya katikati ya miaka ya sabini zilikuwa hivyo: kila kitu kilifungwa kwa klampu. Baadaye ndipo ikawa kawaida kuchomelea vishikio. Bati za Campagnolo na giya tano upande mmoja, usafi wa bomba upande wa pili: naiweka miaka ya hamsini mwishoni mpaka mwanzoni mwa sabini. Mwaka kamili usiulize.

Mwanjelwa_One

Mimi bado naona imekaa kiraleigh.

mkulima_wa_Isman

Hiyo stori ya "Mtaliano wa bomba" ina mashiko jamani. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar mpaka Ndola, kilomita 1,710, lilijengwa na Waitaliano wa Snamprogetti na likakamilika 1968. Limepita hukuhuku kwetu. Watu wa kambi walikuwa na vitu vyao binafsi. Mtaliano na baiskeli ya mbio Jumapili asubuhi, unashangaa nini?

Tosa_Original

Au ni ya mapadre. Tosamaganga ni Wakonsolata toka enzi, na shirika lao lilianzia Torino mwaka 1901. Torino ndiko zilikotoka baiskeli za Frejus. Mimi naisogeza huko.

fundi_spoku

Padri na fremu ya mbio yenye giya, kwenye ule mteremko wa Tosamaganga? Labda padri kijana.

Bwana_Msasa

Wakuu, stori zote mbili tamu, na zote zinaingia kwenye miaka niliyosema. Ila stori ya mmiliki haimtaji mtengenezaji. Mtu wa Torino anaweza kununua baiskeli ya Milano. Na kontena za mitumba nazo zinashusha fremu za Kitaliano Dar kila leo, kwa hiyo hata hiyo ya bomba iweke pembeni, tuitumie mwishoni. Tukianza na stori tutaona kila alama inaikubali.

Tosa_Original

Sawa mwalimu.

DadaMkaguzi

Habari za humu. Niko Njombe. Nimesoma uzi wote nikashangaa mmejibizana juu ya kila kitu isipokuwa lile ambalo mleta uzi mwenyewe aliliita kasoro.

Kaka Kamwene, hiyo bolti ya siti iliyo mbele: tuma picha ya karibu, kutoka juu na kutoka ubavuni. Nataka kuona kama lagi imechongwa kuanzia mwanzo iwe na tundu la bolti pale, au kama kuna alama ya kukata na kuchomelea upya.

Kamwene_wa_Kilolo

Picha tatu hizo dada. Nimefuta rangi kwa rimuva. Tundu la bolti liko ndani ya lagi yenyewe, kwenye kona ambapo bomba la juu linaingia. Nyuma ni pazima kabisa, hakuna mpasuko wala masikio ya bolti, na hizo bomba nyembamba za nyuma zimepanda zikakaa vizuri pembeni ya lagi. Sioni alama ya msumeno wala kiraka.

DadaMkaguzi

Asante, nimeona. Hakuna fundi aliyeihamisha. Ilizaliwa hivyo.

Nilisoma Milano miaka kadhaa, na karibu na nilipokaa kulikuwa na karakana ya baiskeli za zamani. Fremu yenye bolti ya siti mbele, ndani ya kona ya lagi, ilikuwa ikiingia pale mlangoni wazee wanaitaja kabla haijafika kwenye stendi: Legnano. Ndiyo sahihi yao. Watengenezaji wengine karibu wote bolti wanaiweka nyuma.

Legnano zilitengenezwa Milano na kampuni ya Emilio Bozzi. Si jina dogo. Gino Bartali alishinda Giro d'Italia, mbio kuu za baiskeli za Italia, ya 1936 na 1937 akiwa kwenye timu yao, na Fausto Coppi akashinda ya 1940 kwenye timu hiyohiyo akiwa kijana wa miaka 20.

Lakini nataka ushahidi wa pili usiotegemea bolti. Fanya vitu viwili. Toa hiyo beji ya Phoenix taratibu, uangalie bomba la usukani kama lina matundu mengine ya zamani, kwa sababu Legnano walikuwa na beji ya chuma: shujaa ameinua upanga. Mafundi wengine wengi wa fremu za mbio walibandika stika tu. Halafu tafuta rangi ya kwanza kabisa mahali ambapo brashi haikufika, kwa mfano chini ya beji au ndani ya mpasuko wa lagi ya siti. Usiniambie unatarajia rangi gani. Niambie unachokiona.

Gololi

Dada anaendesha upelelezi kama wa Oysterbay.

fundi_spoku

Nimekaa pale nasubiri. Hata chakula nitaletewa hapahapa.

Kamwene_wa_Kilolo

Beji imetoka. Ilikuwa imeshikwa kwa skrubu mbili za mabati, zimetobolewa vibaya, moja imekaa upande. Pembeni ya matundu hayo kuna matundu mengine mawili madogo, safi, yamejazwa kitu kigumu kama gundi ya chuma. Nimechokonoa moja kwa sindano, limefunguka.

Rangi: chini ya bluu kuna nyeusi, chini ya nyeusi kuna kahawia ile ya kuzuia kutu, lakini kahawia haikufika ndani ya mpasuko wa siti. Pale ndani nimeona kijani. Si kijani cha bendera. Ni kijani kinachoelekea njano na kinang'aa, ukikigeuza kwenye jua kinabadilika kidogo. Mke wangu anasema ni rangi ya mjusi.

DadaMkaguzi

Mpe shemeji soda. Waitaliano wenyewe wanaiita rangi ya mjusi wa kijani, na ndiyo rangi ya Legnano.

Bolti ya mbele, matundu ya beji, kijani kile, thredi za Italia. Mimi naandika Legnano na sitetemeki mkono.

Bwana_Msasa

Nakubali, dada. Bolti nilikuwa nimeipita kwa sababu mleta uzi aliipa jina la kasoro.

Ila tuandike na yale yasiyothibitika, asije mtu akaunukuu uzi huu nusu. Kwanza, Bozzi walikuwa na jina jingine, Wolsit, kwa hiyo kusema "imetoka kwa Bozzi" ni salama zaidi kidogo kuliko kusema "beji yake ilikuwa Legnano". Rangi ndiyo inayonisogeza kwenye Legnano. Pili, modeli. Bati za Campagnolo na bomba nyembamba zinasema ilikuwa ya daraja la juu, lakini stika ya modeli haipo. Tatu, jina la mtu aliyeshika gesi na brasi. Kile kilikuwa kiwanda, si karakana ya fundi mmoja kama hao wa Leeds na Derby. Kuna mtu alipiga tupa hizo lagi kwa mkono mpaka kingo zikawa nyembamba hivyo, na kazi yake inaonekana, lakini hakuiwekea sahihi.

Hilo linawahusu hata wenye majina makubwa. Baiskeli za Eddy Merckx, yule bingwa wa mbio wa Ubelgiji, zilikuwa na jina lake kwenye bomba, na zilijengwa na watu tofauti. Ile aliyovunjia rekodi ya saa moja Mexico City, Oktoba 1972, kilomita 49.431, ilijengwa na Colnago. Jina la bombani na mkono uliochomelea mara nyingi ni watu wawili.

MzeeWaMafinga

Hongereni. Na sasa ile stori ya bomba la TAZAMA inaweza kurudi mezani?

Bwana_Msasa

Inaweza, mzee wangu. Fremu ya Milano ya miaka hiyo, ipo Ilula, na Waitaliano walipita Ilula na bomba. Haithibitishi, lakini sasa haituburuzi.

mkulima_wa_Isman

Mleta uzi rudi kwa yule mzee na sukari kilo mbili, muulize kambi ilikuwa wapi na aliachiwa mwaka gani, kabla ya mavuno au baada. Wazee wanakumbuka kwa mavuno.

Gololi

Yote tisa, kumi bei. Shilingi ngapi?

DadaMkaguzi

Kwa hali ilivyo, kisikio kimekatwa, rangi ya kwanza imebaki kwenye mpasuko tu, vipuri vya asili ni bakuli moja. Mkusanyaji wa Ulaya atalipia usafirishaji kuliko fremu. Ukitaka pesa utasikitika. Ukitaka kuipanda, umepata.

Kamwene_wa_Kilolo

Naipanda, dada. Kilolo hadi mjini ni milima, sasa nina sababu.

Nimeamua: bomba za nyuma fundi atazitanua polepole mpaka zipokee habu ya giya, keria ya nondo inatoka, rangi naacha kwanza. Kikwazo ni bakuli la kushoto. Lile la Phoenix na bati lake sirudishi. Nimezunguka maduka ya vipuri mjini wananiletea ya Kiingereza tu, wanasema "hili linaingia kila baiskeli".

fundi_spoku

Usiwasikilize. Mwambie muuzaji 36 kwa 24. Campagnolo waliyapiga maandishi hayohayo kwenye mabakuli yao, "36x24". Ya Kiingereza yameandikwa 1.370. Soma kwa macho yako kabla ya kutoa hela.

Bwana_Msasa

Ukikosa kabisa, fundi mashine mzuri pale SIDO anaweza kukuchongea pete ya chuma ya kujazia. Ila iwe suluhisho la mwisho.

mpiga_tyubu_Makambako

Wakuu mimi huwa nasoma tu, leo naandika. Nina kibanda cha mitumba ya baiskeli hapa Makambako, karibu na njia panda ya Njombe. Kuna fremu ya Kitaliano ilikuja imepinda uma, nimeuza ringi zake, kibomba cha krenki hakijaguswa. Nimekwenda kuangalia sasa hivi kwa tochi: bakuli la kushoto limeandikwa 36x24, thredi nzima, na pete yake ya kukazia ipo. La kulia limegoma.

fundi_spoku

La kulia unalizungushia upande gani?

mpiga_tyubu_Makambako

Kulia.

fundi_spoku

Mkuu.

mpiga_tyubu_Makambako

Limetoka. Mleta uzi nipe namba yako ya basi la kesho, nakutumia yote mawili na gololi zake. Utanilipa la kushoto tu.